Mche wa Pwani na Baridi ya Bara

Vitalu vya miche vilivyo kandokando ya barabara kutoka Nyali na Bamburi hadi Mtwapa havijui baridi. Kusi ikivuma Julai na Agosti, usiku wa Mombasa huzunguka nyuzi 20, watu hujitanda shuka na kusema kipupwe kimeingia, lakini mwembe na mnazi huendelea kama kawaida. Shida huanza mche unapopakiwa kwenye basi la usiku kupelekewa ndugu aliyejenga Ngong, Nakuru au Limuru. Mpokeaji huupanda kwa furaha, huumwagilia, kisha miezi michache baadaye hupiga simu: majani yamekuwa meusi, au mti umesimama pale pale tangu upandwe, je, uongezwe mbolea? Mara nyingi mbolea haihusiki. Ni baridi, na mara nyingine namna alivyojaribu kuuokoa mti ndiyo iliyoumaliza.

Watu hutaka nambari moja: mwembe unavumilia nyuzi ngapi, mnazi nyuzi ngapi. Nambari zipo na zitatajwa hapa, ila nyingi zimepimwa katika nchi zenye majira ya baridi kali, kama kusini mwa Florida huko Marekani, ambako baridi kwa kawaida huja usiku mmoja au mawili kisha jua hurudi na nguvu zake. Bara ya Kenya haiko hivyo. Kuna baridi ya Julai na kuna baridi ya Januari, nazo huua kwa njia tofauti. Tena kuna neno ambalo muuza miche mwaminifu anapaswa kulisema kabla ya kupokea pesa: mti kupona baridi ni jambo moja, na kuzaa matunda yanayolika ndani ya baridi hiyo ni jambo jingine kabisa.

Hesabu ya kuanzia ni ya mwinuko. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua takriban nyuzi 6 hadi 6.5. Voi iko chini kidogo ya mita 600, kwa hiyo mti wa Pwani ukishindwa pale, mtazame ukame kwanza kabla ya kulaumu baridi. Nairobi iko karibu mita 1,700, Nakuru karibu 1,850, na Limuru imepita 2,200. Usiku wa Julai Nairobi huwa nyuzi 10 hadi 12, na mchana, wingu likitanda, 21 au 22. Yaani mchana wa Nairobi mwezi huo ni sawa na usiku wa Mombasa. Mche uliozaliwa Kisauni haujawahi kupitia saa hata moja ya baridi kama ya usiku huo wa Nairobi.

Baridi ya Julai haiunguzi, hudumaza. Miti ya ukanda wa joto huanza kuteseka mbali sana na sifuri, kwenye nyuzi 10 hadi 15 kulingana na aina. Utando unaozunguka kila seli una mafuta ndani yake. Mafuta hayo yakipoa huwa mazito, utando hupoteza ulaini na kuanza kuvuja. Mizizi nayo hunyonya maji polepole. Hapo ndipo mwenye mti huona majani yamelegea, akadhani kiu, akaongeza maji kila jioni. Udongo baridi uliojaa maji hukosa hewa, vimelea vya kuozesha mizizi hustawi, na ifikapo Agosti mti umekufa kutoka chini. Ukiung'oa mche kama huo utakuta mizizi ya kahawia, na ganda lake la nje hubanduka kwa kidole na kuacha uzi mwembamba katikati. Mti wa aina hii hakuna baridi iliyoupiga moja kwa moja. Uliuawa na ndoo.

Dalili nyingine za Julai huchanganya watu. Majani hupauka na kuwa ya manjano hafifu upande unaotazama jua tu, kwa sababu jani lililopoa usiku haliwezi kuutumia mwanga wote wa asubuhi, na mwanga unaobaki huliharibu. Majani machanga mara nyingine hupata rangi ya zambarau: mizizi baridi haivuti fosforasi ipasavyo, hata kama fosforasi imejaa udongoni. Kumwaga mbolea hapo ni kupoteza pesa. Udongo ukipata joto tena Septemba, rangi hurudi yenyewe.

Baridi ya Januari ni nyingine. Wengi wetu wa Pwani hudhani mwezi wa hatari bara ni Julai kwa kuwa ndio watu huvaa makoti, lakini wingu la Julai ni blanketi; huzuia joto la ardhi lisitoroke usiku. Jalidi ya nyanda za juu, yaani baridi ya kugandisha, huja kwenye kiangazi cha Desemba hadi Machi, usiku mkavu, mbingu safi, bila upepo. Ardhi hutoa joto lake juu angani, hewa iliyo karibu na nyasi hupoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni. Ndiyo maana jalidi ya Januari huunguza majani chai ya Kericho na Nandi ilhali mchana wake jua lilikuwa linachoma. Kipimo kilichotundikwa ukutani kwenye baraza kinaweza kusema nyuzi 4 huku jani lililo karibu na nyasi likiwa limeshagandishwa. Anayetaka kujua ukweli wa shamba lake aweke kipimo kwenye kijiti, karibu na usawa wa mche, mahali pa wazi, akisome saa kumi na mbili alfajiri. Huo ndio wakati wa baridi kuliko wote.

Katika kuganda, barafu huanza nje ya seli, katikati yao, kisha huvuta maji kutoka ndani. Seli hukauka kwa kunyang'anywa maji. Asubuhi jani huonekana lenye maji na kijani kibichi cha giza, kama mchicha uliotoka chunguni. Kufikia adhuhuri ni jeusi, na baada ya siku mbili ni la kahawia na linavunjika mkononi.

Ugumu wa mti dhidi ya baridi si kitu cha kudumu. Funzo kubwa kabisa la jambo hili liko Florida. Mwishoni mwa Desemba 1894 baridi kali ilipiga michungwa, majani yakaanguka lakini miti mingi ilibaki hai. Kisha Januari ikawa ya joto, miti ikachipua, utomvu ukapanda. Baridi ya pili ilipokuja Februari 1895 iliikuta miti ile ile ikiwa laini, ikaigandisha hadi ardhini, na kilimo cha machungwa kikahamia kusini zaidi. Mti uliotulia huvumilia. Mti unaochipua hufa. Kila ushauri utakaofuata hapa umejengwa juu ya jambo hilo, kwa sababu mche wa Mombasa, uliolelewa kwa joto, kivuli na maji ya kila siku, uko katika hali ya kuchipua mwaka mzima.

Tuanze na mwembe, maana ndio mti unaosafirishwa kuliko yote. Mwembe mchanga huweza kufa kwenye nyuzi 1 hadi 2 chini ya sifuri. Mkubwa huweza kustahimili nyuzi 4 chini ya sifuri kwa saa chache ukapoteza majani na vitawi. Maua na vitunda vichanga ni dhaifu zaidi: saa chache chini ya nyuzi 4 au 5 zinatosha kuviua, bila barafu yoyote. Kwa hiyo mwembe unaweza kuonekana mzima, wa kijani, unatoa kivuli kizuri, na usizae embe hata moja miaka nenda miaka rudi.

Lakini mwembe ni mti wa ajabu, kwa kuwa huihitaji baridi hiyo hiyo ili uchanue. Wiki kadhaa za ubaridi huyaambia macho ya matawi yaliyokomaa yatoe maua badala ya majani. Kwetu kazi hiyo hufanywa na kipupwe pamoja na ukavu na umri wa matawi yenyewe. Bara, baridi ni nyingi, maua huja kwa wingi na mwenye mti hufurahi, kisha hakuna kitu. Sababu ni kwamba maua yakifunguka usiku wa chini ya nyuzi 15, chavua huwa mbovu, nzi na nyuki wanaochavusha hawatoki mapema, na vitunda vinavyoshika huwa havina kokwa hai ndani. Hubaki vidogo, vya saizi ya yai la kuku au chini ya hapo, huiva hivyo hivyo au kudondoka. Ukikikata kimoja utaona kokwa ni ganda tupu. Hapa hakuna dawa ya chupa. Kinachosaidia ni kuchelewesha maua: kishada cha kwanza kikifika urefu wa kidole, kivunje kwa mkono pale kinapotokea kwenye tawi, tawi lenyewe usiliguse. Ikiwa ubaridi bado upo, macho ya pembeni yatatoa vishada vingine baada ya wiki kadhaa, na hivyo vitafunguka hewa ikiwa imepata joto. Kazi hii ni nzuri kwa miti miwili mitatu ya uani; kwa shamba la ekari ni ya kuchosha.

Ubaridi wenye umande huleta pia ubwiriunga, ule unga mweupe kwenye vishada vya maua. Salfa ya unga inayochanganywa na maji ndiyo kinga ya kawaida, ipigwe kabla maua hayajafunguka na kurudiwa kama kibandiko kinavyoelekeza, si mchana wa jua kali kwa kuwa huunguza. Kuhusu aina: Ngowe, Boribo na Dodo ni maembe ya kwetu, na ladha yake imetokana na joto letu. Yakipandwa juu sana huchelewa kuiva na kuwa makali. Makueni na Machakos ya chini yanastawisha Apple, Kent na Tommy Atkins vizuri sana, lakini ukishapita mita 1,500 hivi mwembe wowote ni wa bahati. Anayeishi Limuru anunue embe sokoni. Hilo tunalisema waziwazi hata kama linatupunguzia mauzo.

Mnazi hauna mjadala mrefu. Unataka wastani wa nyuzi 27 mwaka mzima, na usiku usiopoa sana. Ukipelekwa Nairobi huweza kuishi kama pambo, makuti mafupi yenye madoadoa ya manjano, na hata ukitoa karara, vidaka hudondoka. Hatari yake kubwa ni kwamba mnazi una kitovu kimoja tu cha kuota, kule juu katikati. Mwembe ukifa matawi huchipua kiunoni. Mnazi ukioza moyo umekwisha. Dalili ni kuti jipya lililosimama kama mkuki kuanza kupauka. Livute taratibu: likichomoka na harufu mbaya, kuoza kumeanza. Yamwage maji yaliyotuama, safisha, mimina dawa ya shaba iliyochanganywa kwa kipimo cha kibandiko, funika kitovu kisiingie mvua, na subiri. Mingine hurudi, mingi hairudi.

Mshelisheli na mfenesi ni ndugu, na hapo ndipo watu hukosea kwa kudhani tabia zao zinafanana. Mshelisheli ni mti wa visiwa vya joto, hautaki kwenda chini ya nyuzi 16 kwa muda mrefu na huumia vibaya ukikaribia 5. Mfenesi ni mgumu kuliko unavyodhaniwa. Uganda imejaa mafenesi kwenye mita 1,100 na 1,200, na mti mkubwa hupona hata baridi inayogusa sifuri. Ubaya wa mfenesi uko kwenye mzizi mkuu. Ukikaa kwenye kiriba, yaani mfuko wa mche, zaidi ya miezi mitatu minne mzizi hujikunja chini, na mche wa namna hiyo ukikutana na udongo baridi hausongi mbele.

Mpapai huacha kukua karibu na nyuzi 15. Matokeo yake huonekana kwenye tunda: mti wenye maua ya jinsia zote mbili, usiku ukipoa, stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, hugeuka na kuungana na tunda, mapapai yakatoka yamekunjamana, yenye mifereji na sura mbaya. Yanaliwa, lakini sokoni hayapiti. Tena tunda ambalo Pwani huiva kwa takriban miezi mitano huchukua saba au nane bara na sukari yake ni kidogo. Mti wa jike safi hauna shida hiyo ya kukunjamana, kwa hiyo kwa sehemu za baridi ni afadhali kubakiza majike, na dume mmoja kwa kila majike 10 hadi 15.

Mgomba una bahati ya kuwa na moyo wake chini ya ardhi. Majani yakiunguzwa yote na jalidi, usikate shina mpaka joto lirudi, huchipua. Wakati wa joto hutoa jani jipya karibu kila wiki, kwenye baridi jani moja kwa mwezi, na mkungu ukitaka kutoka wakati huo hukwama kooni na kupinda. Kwa ndizi ushauri wetu ni mfupi: usipeleke vichipukizi vya Pwani Nyeri au Kisii. Kule kuna migomba ya milimani iliyozoea, ichukuliwe hiyo hiyo.

Jamii ya ndimu ina ngazi yake. Mndimu ndio dhaifu kuliko wote, kisha mlimau, kisha mbalungi na mchungwa, na mchenza ndio mgumu. Hapa baridi inaleta pia neema. Machungwa ya Pwani hubaki na ganda la kijani hata yakiwa matamu kabisa, kwa sababu ganda hupoteza ukijani wake usiku unapoteremka hadi nyuzi 13 au chini ya hapo, na Mombasa haifiki huko. Mchungwa ule ule ukipandwa mita 1,500 huleta ganda la rangi ya machungwa, na asidi zaidi ndani. Mteja wa bara anayeuliza kwa nini machungwa ya Pwani ni mabichi aelezwe hivyo, si mabichi.

Parachichi inategemea ukoo. Ile ya Pwani, kubwa, ganda laini, yenye maji mengi, ni ya jamii ya visiwa vya Karibi. Inavumilia joto na chumvi lakini huumia kwenye nyuzi 1 hadi 2 chini ya sifuri. Jamii ya Guatemala hufika 3 au 4 chini ya sifuri, na ya milima ya Meksiko hupita hapo. Fuerte, ambayo ni mchanganyiko wa hizo mbili, ndiyo iliyosimama California baada ya baridi ya Januari 1913 wakati nyingine zilipokufa, na leo pamoja na Hass ndizo zinazotawala mashamba ya Murang'a. Kwa hiyo kokwa ya parachichi la Pwani isipandwe bara kwa matumaini. Ununuliwe mche wa Hass au Fuerte wa kule kule. Hali ni hiyo hiyo kwa pasheni: ya manjano ni ya Pwani, ya zambarau ni ya mwinuko. Mstafeli ni mwoga sana wa baridi, mkanju vilevile. Mkunazi, mzambarau na mkwaju mkubwa hustahimili ubaridi wa kawaida, ingawa mkwaju mchanga huungua haraka. Mpera hata ukifa juu huchipua kutoka ardhini, na Nairobi huzaa bila taabu.

Sasa mche wenyewe. Kitaluni hatuwezi kuuonjesha baridi, lakini tunaweza kuutoa katika ulaini. Wiki sita kabla ya safari tunasimamisha mbolea za nitrojeni, yuria na CAN, kabisa. Neti ya kivuli hupunguzwa kwa awamu, wiki mbili chini ya neti nyepesi, kisha jua kamili. Maji hutolewa pale tu sentimita 2 au 3 za juu za kiriba zikishakauka, badala ya kila siku. Udongo wa kiriba uwe wa kupitisha maji: madebe matatu ya udongo wa juu, debe moja la samadi iliyooza, na debe moja la mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufuoni una chumvi, usitumike. Na mche wa mwembe wenye majani mekundu ya shaba hausafiri. Subiri mpaka majani yale yageuke kijani kizito na yawe magumu yakikunjwa, jambo linalochukua wiki tano au sita. Shina la unene wa penseli linatosha kwa Kilifi. Kwa bara tafuta la unene wa kidole gumba, kwenye kiriba cha lita 5 au zaidi, hata kama mbebaji atalalamika uzito.

Safarini, mche ukae ndani ya buti la basi, si juu ya keria. Upepo wa barabarani kutoka Mtito Andei hadi Athi River usiku kucha hukausha majani wakati mizizi haiwezi kufidia. Funga kwa gunia lenye unyevu kidogo, na mwagilia siku moja kabla ya safari, si saa ya kuondoka. Ukifika, uweke kivulini wiki mbili kabla ya kuupanda. Mwenye jamaa Voi au Wundanyi anaweza kuuacha kule mwezi mmoja kwanza. Ngazi hiyo ya kati husaidia sana.

Wakati wa kupanda haufanani kila mahali. Panapokuwa na baridi ya Julai tu bila jalidi, kama sehemu kubwa ya Nairobi, panda Oktoba mvua zikianza, mti upate miezi minane ya joto kabla ya Julai nyingine. Panapopigwa jalidi, Oktoba ni mtego, kwa kuwa Januari itaukuta ungali na majani laini. Huko panda mwishoni mwa Machi. Shimo ni sentimita 60 kila upande, samadi iliyooza madebe mawili ichanganywe na udongo wa juu, na kama ni ule udongo mweusi wa Embakasi au Kitengela, panda juu ya tuta la sentimita 30 ili maji yasituame. Julai, lita 10 kila siku 10 hadi 14 zinatosha mche mchanga, na kama mvua za rasharasha zipo, usimwagilie kabisa.

Mahali ni muhimu kuliko dawa yoyote. Panda katikati ya mteremko, usipande chini bondeni. Ua wa mimea ulio upande wa chini wa shamba huzuia hewa baridi kama bwawa. Ukatwe mwanya wa mita mbili au tatu ipite. Ukuta unaotazama magharibi ni rafiki, kwa sababu hunyonya jua la alasiri na kulitoa usiku, na pia huukinga mti na jua la asubuhi linaloyeyusha barafu haraka mno.

Msimu wa jalidi ukikaribia, fukia shina la mwembe uliobebeshwa, yaani wa aina nzuri uliounganishwa juu ya shina la kienyeji, kwa udongo mkavu hadi sentimita 15 juu ya kiungo. Juu pakifa, palipofukiwa hubaki hai na aina yako haipotei. Udongo usiwe na samadi, na uchunguzwe kila wiki mbili, maana mchwa hupenda sana mahali hapo. Mwisho wa Machi fukua, la sivyo ganda litaoza. Matandazo ya nyasi yavutwe mbali nusu mita kutoka shinani: mchana huzuia jua lisiipashe ardhi, usiku huzuia joto la ardhi lisipande. Mwagilia udongo adhuhuri, usiwe tope, kwa kuwa udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko mkavu.

Kufunika kuna kanuni yake. Chomeka vijiti vinne, tandaza gunia au blanketi kuukuu lifike mpaka chini pande zote, lisiguse majani. Kifuniko kinachofungwa shingoni mwa mti hakisaidii kitu, kwa kuwa joto linatoka ardhini. Nailoni ikigusa jani, jani huungua pale pale ilipogusa. Funika saa kumi na moja jioni, fungua saa tatu asubuhi. Kunyunyizia maji juu ya majani ni kazi ya wenye mitambo tu. Gramu moja ya maji ikiganda hutoa kalori 80, lakini gramu moja ikigeuka mvuke huchukua karibu kalori 600. Ukinyunyiza kidogo kisha ukaacha, unaupoza mti zaidi.

Baada ya kuungua, weka panga chini. Matawi meusi yasikatwe kwa miezi miwili mitatu; kifo huendelea kuteremka polepole na macho hayawezi kuona kitaishia wapi, tena majani makavu hukinga yaliyo chini yake. Kwangua ganda kwa ukucha: kijani ni uhai, kahawia ni kuni. Shina lililopoteza majani huunguzwa na jua, kwa hiyo lipake chokaa iliyozimuliwa na maji. Mbolea isiwekwe mpaka machipukizi yafike urefu wa kiganja, na hapo iwe nusu ya kipimo cha kawaida. Kisha angalia machipukizi yanatokea wapi. Yakitoka juu ya kiungo, chagua moja lenye nguvu na uondoe mengine. Yakitoka chini ya kiungo, huo sasa ni mwembe wa kienyeji wa shina la chini. Usiung'oe, kwani mizizi yake imeshapita baridi moja. Lilee chipukizi mpaka lifike unene wa penseli, kisha libebeshwe upya, na kikonyo, yaani kitawi cha kubebeshea, kichukuliwe kwenye mwembe unaozaa mtaa ule ule, kama upo.